Ninakwenda Riyadh kufanya kazi za ndani. Nitabakije Mkristo?

Swali: Nina miaka 27, natoka Kenya. Nimepata mkataba wa miaka 2 wa kazi za ndani Riyadh na safari ni mwezi ujao. Ajenti ananiambia nijaze kwenye fomu kwamba mimi ni Mwislamu, eti nyumba nzuri zinapatikana haraka hivyo. Kanisani kwetu wapo wanaosema nikificha Biblia yangu nimemkana Yesu. Wengine wanasema nikubali chochote nitakachoambiwa kwa kuwa Mungu anaangalia moyo. Na je, nikilazimishwa kutamka shahada ya Kiislamu, nitakuwa nimekwisha?

Jibu:

Dada yangu, tuanze na fomu, maana hayo mengine yanaweza kungoja hadi mwezi ujao lakini fomu haingoji. Usiijaze hivyo.

Dini unayoandika hapo inakufuata hadi kwenye viza, kisha kwenye iqama, yaani kitambulisho chako cha ukaazi. Ukishaandikwa Mwislamu, familia itakutarajia uswali, ufunge Ramadhani, na wakienda Umra, ile ziara ya ibada huko Makka, wakubebe mkawatunze watoto huko. Makka haiingiwi na asiye Mwislamu. Utapita kizuizi cha barabarani kwa uongo ulio ndani ya kitambulisho chako mwenyewe. Baya zaidi ni siku watakapokukuta ukiomba kwa jina la Yesu. Mkristo mgeni anayeomba faraghani ni jambo linalovumiliwa Saudia. Mtu aliyeandikwa Mwislamu akakutwa akiomba hivyo ataonekana ameritadi, yaani ameuacha Uislamu, na kuritadi kwa sheria ya huko ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifo. Tena uongo wenyewe haudumu. Madamu atakuona siku ya kwanza kwamba hujui kutia udhu, na kuanzia hapo hata kijiko kikipotea atakutazama wewe.

Kwa hiyo mwambie ajenti aandike Mkristo, na udai nakala ya kila karatasi uliyosaini. Akikataa, hakikisha kwanza kama amesajiliwa na National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, kisha tafuta mwingine. Anayekufundisha kudanganya serikali ya watu kabla hujapanda ndege hatakuwa na simu ya kupokea utakapomhitaji.

Sasa ujue unaingia wapi. Saudia haina kanisa hata moja la wazi. Ibada ya hadharani isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi, kuhubiri kwa Waislamu ni kosa, kugawa Biblia ni kosa. Serikali imetamka mara kadhaa kwamba wasio Waislamu wanaweza kuabudu faraghani, na Biblia moja ya matumizi yako kwa kawaida hupita. Ila mstari kati ya faragha na mkusanyiko haujachorwa popote. Desemba 2011 Waethiopia 35, wengi wao wanawake, walikamatwa Jeddah wakiwa katika maombi ndani ya nyumba ya mtu, wakakaa kizuizini miezi mingi kabla ya kurudishwa kwao. Tangu Aprili 2016 polisi wa dini hawana tena mamlaka ya kukamata. Hali imelegea, na kwa mfanyakazi wa ndani hatari ya kila siku si polisi. Ni watu wa nyumba anamolala.

Laiti ungekuwa na uwezo wa kuchagua nchi, ningekwambia uchague kwa kuangalia hili pia. Muscat kuna makanisa ya Ruwi na Ghala, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos. Dubai kuna St Mary's pale Oud Metha. Doha kuna eneo zima la makanisa Mesaimeer tangu 2008, na Manama kuna Sacred Heart tangu 1939. Ibada kuu nyingi huko hufanyika Ijumaa kwa sababu ndiyo siku watu walikuwa wakipumzika. (Ukienda Oman, kumbuka wenyeji wengi wana asili ya Zanzibar. Usimlalamikie Mungu kwa Kiswahili kuhusu bibi wa nyumba ukidhani haelewi. Anaelewa kuliko wewe.) Lakini mkataba wako ni wa Riyadh, basi tubaki Riyadh.

Majibu mawili uliyopewa kanisani yote yana kasoro. La kwanza linachanganya kuficha na kukana. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, akala mshahara wa Ahabu, na huku nyuma akawaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini (1 Wafalme 18). Esta hakusema kabila lake kwa sababu Mordekai alimkataza. Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine. Sipriani, askofu wa Karthago, Afrika Kaskazini, alijificha dhuluma ya Warumi kwa Wakristo ya mwaka 250 ilipoanza, akalaumiwa sana kwa hilo. Mwaka 258 alipokamatwa hakurudi nyuma, akakatwa kichwa. Hakuna aliyesema kule mafichoni alimkana Kristo. Biblia yako ikikaa chini ya nguo kwenye begi, haijakanwa.

La pili linasahau Mathayo 10:32-33, penye kukiri na kukana mbele ya watu. Moyo hauna ukuta unaoutenga na mdomo kiasi hicho. Kanuni ninayoona inasimama ni hii: huwajibiki kusema kila unachokijua, lakini ukiulizwa wewe ni nani, usiseme uongo. Katikati ya mambo hayo mawili kuna nafasi kubwa sana, na ndani ya nafasi hiyo ndimo utakamoishi miaka 2.

Naamani, jemadari wa Shamu, aliishi humo. Alipoponywa ukoma alimwomba Elisha msamaha wa mapema, kwamba bwana wake akiingia nyumba ya Rimoni, mungu wa Shamu, akiegemea mkono wake, naye itabidi ainame. Elisha hakumpa hotuba. Alimwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5). Na kumbuka nani aliyeanzisha habari ile yote: kijakazi, msichana aliyechukuliwa mateka, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya watu wa dini nyingine, aliyesema sentensi moja tu kwa bibi yake, na tena aliisema kwa kumtakia mema bwana wake.

Basi, yapo mambo mengi ambayo unaweza kuyaachia bila dhambi. Ukipewa abaya na mtandio, vaa. Ni nguo ya kazi kama nyingine. Nyama ya halali, kula. Hata kwenu bucha nyingi ng'ombe huchinjwa na Mwislamu na hujawahi kuuliza; Paulo anasema kiuzwacho sokoni kiliwe bila kuuliza-uliza. Assalaam alaykum, inshallah, alhamdulillah, yote sema: Wakristo wa Kiarabu nao humwita Mungu Allah na husema inshallah siku nzima. Kuzima redio ya nyimbo za dini, kuvua mkufu wa msalaba, kunyamaza wakiwa wanaswali, kuondoka chumbani wakisoma Kurani, hayo ni adabu ya mgeni. Kurani ukiikuta unapofuta vumbi, kausha mikono, iinue kwa mikono miwili, iweke juu, usiweke chochote juu yake, wala isikae sakafuni. Ukipewa vijitabu vya dini vya Kiswahili, pokea, shukuru, viweke mahali safi. Kuvichana au kuvitupa kwenye pipa la takataka kunaweza kukuletea kesi.

Sasa begi lako. Hapa ndipo watu wetu huponzeka, na mara nyingi si kwa sababu ya Biblia. Usibebe mafuta ya upako, leso ya upako, chumvi au maji yaliyoombewa, wala udongo wa mahali popote. Usiandike majina ya watoto wa mwajiri kwenye karatasi ya maombi, na usiweke nywele wala picha zao ndani ya Biblia. Saudia kuna mashtaka ya uchawi, na wafanyakazi wa ndani wamewahi kushtakiwa hivyo kwa vitu vidogo kama hivyo. Chupa ya mafuta isiyo na lebo pamoja na karatasi yenye majina ya watoto kwa lugha isiyoeleweka: jiweke mahali pa mama wa watoto hao, uone angefikiri nini. Kwa sababu hiyohiyo, maombi ya sauti usiku na kunena kwa lugha chumbani yaache. Ukuta wa chumba cha mfanyakazi ni mwembamba, na anayesikiliza upande wa pili hatasema Roho Mtakatifu. Atasema jini.

Beba Biblia moja tu, ndogo, isiyo na maandishi ya mkono. Kwenye simu weka programu ya Biblia inayosoma bila intaneti na yenye sauti, uijaribu ukiwa umezima data kabla hujaondoka. Picha ya wasifu isiwe ya msalaba wala ya pasta wako. Na kwa jina la Mungu, usiandike maneno ya dini ya watu kwenye status wala TikTok, hata kwa Kiswahili, hata ukiwa na hasira ya haki. Sheria ya makosa ya mtandao ya Saudia ya mwaka 2007 inahusu pia maudhui yanayogusa maadili ya dini, na kifungo chake kinafika miaka 5, faini riyali milioni 3. Kumpiga picha madamu au watoto wake ni balaa jingine ambalo halihusiani na imani, lakini limewarudisha wengi.

Mali yako kubwa itakuwa kile kilichomo kichwani, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa na begi linaweza kupekuliwa. Una wiki 4 hivi. Shika kwa moyo Zaburi ya 23 (aya 6), ya 27 (aya 14), ya 121 (aya 8) na ya 130 (aya 8), Mathayo 5:3-10 (aya 8), na Warumi 8:31-39 (aya 9). Jumla ni aya 53. Ukishika aya 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 3 zinatosha, na ya nne unarudia zote. Asubuhi soma aya zako tatu kwa sauti mara 10. Mchana ziandike kwa herufi ya kwanza ya kila neno tu, kisha uzisome kutoka hapo. Usiku ziseme bila kutazama, ukianza na za jana. Siku ya saba hushiki mpya. Unasema zote tangu mwanzo. Wanaoshindwa hushindwa kwa kuruka marudio, wakidhani aya ya juzi bado ipo. Ongeza Baba Yetu na Imani ya Mitume kama hujazishika, na nyimbo 5 beti zote, maana ukiwa mpweke ubeti wa kwanza pekee huisha haraka.

Wakristo wa Japani walipigwa marufuku mwaka 1614. Walipojitokeza tena Nagasaki mwaka 1865, mbele ya padre Mfaransa, walikuwa wamekaa vizazi kadhaa bila padre hata mmoja. Walichokuwa nacho ni maneno ya ubatizo, kalenda ya sikukuu, na sala zilizopita mdomo kwa sikio. Mojawapo ilikuwa sala ndefu ya majuto, tutairudia mbele.

Ratiba ya kuomba uiweke ya kweli. Kazi ya ndani inaanza alfajiri na huisha usiku mkubwa, hasa kukiwa na wageni. Usijiahidi saa nzima. Utaikosa siku ya tatu, ujione umeanguka. Weka vituo vitatu vya dakika 2 au 3: kabla mguu haujagusa sakafu, ukiwa bafuni mchana, na unapozima taa. Katikati, tumia kazi yenyewe. Kupiga pasi shati moja kunatosha Zaburi ya 121 kwa moyo. Saa ya Riyadh na ya Nairobi ni moja, kwa hiyo Jumapili kanisa lenu likianza ibada saa 4 asubuhi, unajua dakika hiyohiyo wanasimama. Sema nao Baba Yetu ukiwa na vyombo mkononi. Ushirika wa simu ukiupata, uwe wa watu wachache unaowajua kwa sura, si kundi la WhatsApp la watu 200 ambalo hujui nani anasoma.

Maneno ya kejeli yatakuja, si nyumba zote, lakini jiandae. Nyumba nyingi hawatakuuliza dini yako zaidi ya mara moja; watu wazima wenye heshima wako Riyadh kama walivyo Kakamega. Hata hivyo, jifunze sentensi moja ya Kiarabu: «Ana masihiyya, shukran», mimi ni Mkristo, asante. Wakikuuliza mara 20 kwa nini husilimu, jibu mara 20 kwa sentensi hiyohiyo na sauti ileile. Usitoe sababu. Sababu ni mlango wa mjadala, na mjadala kati ya mfanyakazi na bosi wake hauna mshindi mzuri: ukishindwa umedhalilika, ukishinda umemdhalilisha mtu anayeshika chakula chako. Wakikuuliza unamwonaje Mtume wao, sema hujaja kumsema vibaya mtu wanayemheshimu. Utatu usiufafanue.

Yupo atakayeuliza kwa nia njema, labda bibi mzee, labda binti wa chuo, jioni mkiwa jikoni. 1 Petro 3:15 inataka uwe tayari kujibu, ila kwa upole na kwa hofu. Mjibu kwa sentensi mbili kuhusu tumaini lako mwenyewe, kisha nyamaza. Usimpe aya kwa simu, usimtumie video.

Watoto ni habari nyingine kabisa. Usiwafundishe pambio, hata moja, hata lile la kuwabembeleza. Usiwaombee kwa kuwawekea mkono. Mtoto wa miaka 4 hana siri. Ataliimba mezani, na baba yake ataona umeingilia kitu ambacho hata wewe usingependa mgeni aingilie kwa mwanao. Bembeleza kwa kuvumisha tu, bila maneno.

Ramadhani ndiyo mwezi mgumu, na ugumu wake hasa ni usingizi. Utapika futari jioni, wageni wakae hadi usiku wa manane, uamke tena kwa daku, na asubuhi watoto wako macho. Mwombe madamu mapema, wiki moja kabla, akupangie saa za kulala mchana. Akishaingia kwenye mfungo hatakuwa na subira ya kupanga. Kula chumbani au jikoni mlango ukiwa umefungwa, kamwe si nje wala kwenye gari. Kula hadharani mchana ni kosa la kisheria. Jiwekee sehemu ya daku, mkate na tende, na chupa ya maji chumbani. Ukiamua kutokula mchana kwa heshima, sema wazi kwamba ni heshima, usije ukapongezwa kwa kusilimu.

Sasa shahada. Ni sentensi mbili fupi za Kiarabu, na huko kuitamka mbele ya mashahidi ndiko kusilimu. Huja kwa njia nyingi. Kuna ya mzaha, mtoto anakufundisha Kiarabu: cheka, useme hayo ni maneno ya sala yenu, nifundishe majina ya matunda. Kuna ya zawadi: simu mpya, nyongeza, ahadi ya Umra. Hapa kataa kwa sentensi yako ya kawaida, wala usiseme utafikiria, kwa sababu «nitafikiria» huhesabiwa kama ndiyo iliyochelewa. Usisaini karatasi ya Kiarabu usiyoielewa. Omba muda, ipige picha, mtumie mtu anayesoma. Kisha kuna ya vitisho: sema au hutaona mshahara, sema au hutakula.

Petro aliulizwa uani na kijakazi, akakana, mara tatu. Yesu alimrudisha kwa kumuuliza mara tatu kando ya ziwa (Yohana 21). Karthago, baada ya dhuluma ya 250, kanisa lilijaa watu walioanguka: waliotoa sadaka kwa miungu, na wengine walionunua cheti tu kwamba wametoa. Baadhi walitaka wafungiwe mlango milele. Wengine walitaka warudi Jumapili ijayo kana kwamba hakuna kilichotokea. Sipriani na maaskofu wenzake mwaka 251 walikataa njia zote mbili. Walipima kesi kwa kesi, wakamtazama aliyevunjwa na mateso tofauti na aliyekimbilia mwenyewe, na wakawarudisha kwa njia ya toba. Na wale Wajapani wa Nagasaki walilazimishwa kukanyaga picha ya Kristo kila mwaka, wakarudi nyumbani wakasema ile sala ndefu ya majuto.

Kwa hiyo ukikamuliwa maneno hayo kwa kitisho, umeanguka, hujafa. Sema Zaburi ya 130 usiku uleule. Mjulishe mchungaji wako kwa njia salama, yeye peke yake, na ukirudi mkae mlimalize kanisani kwa utaratibu wenu. Ila usitangaze ukiwa Saudia kwamba umerudi kwenye Ukristo. Huko hilo huitwa kuritadi, nimekwisha kulitaja. Nyamaza, fanya kazi, panga kuondoka. Na usitumie msamaha huu kama mpango wa akiba tangu sasa. Anayepanga kuanguka huanguka mapema kuliko kitisho chenyewe.

Petro aliwaandikia Wakristo wa Ponto na Bithinia, wageni katika nchi wanamoishi, na aliwataja watumishi wenye mabwana wakali. Sura ya pili ya waraka huo, 1 Petro, husomwa vibaya kana kwamba inaagiza kuvumilia kila kitu. Sura ya nne inasema pia mtu asiteswe kama mwizi, wala kama anayejishughulisha na mambo ya wengine. Maana yake jiulize kila siku: hili linanipata kwa sababu ya Kristo, au kwa sababu nimechelewa na chai, au kwa sababu mwajiri huyu ni mdhalimu kwa kila mtu? Wasichana wa Kiislamu kutoka Mombasa na Tanga hukaa kwenye nyumba hizohizo na hunyimwa mshahara vilevile. Mengi yanayoitwa mateso ya imani huko ni kesi za kazi, na kesi za kazi zina sheria. Kanuni za wafanyakazi wa majumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinataka saa za kazi zisizidi 10 kwa siku, siku 1 ya mapumziko kwa wiki, na zinamkataza mwajiri kushika pasipoti yako. Utekelezaji ni shughuli nyingine, lakini karatasi ipo, na Paulo hakuona aibu kuutumia uraia wake wa Kirumi kule Filipi na Yerusalemu.

Hivyo ukilalamika popote, anza na kilicho na kifungu: miezi 3 sijalipwa, pasipoti imeshikwa, sipewi chakula, nimepigwa tarehe fulani. Suala la dini liwe la mwisho au lisiwepo. Afisa wa kazi anaweza kumbana mwajiri kwa mshahara. Kwa sababu ya kejeli za dini hatamfanya lolote, na unaweza kuwa umejifungulia mlango usioutaka.

Kejeli vumilia. Haki za kazi zikivunjwa, ripoti kwa maandishi kwa ofisi ya ajenti ya Riyadh, nakala kwa ajenti wa Nairobi na nyumbani, na uandike tarehe. Akikupiga, akikushika mwili, akikufungia ndani au akakunyima chakula ili usilimu, ondoka. Hakuna thawabu ya kubaki. Lakini usitorokee mtaani. Mwajiri akiripoti umetoroka, wanaiita «huruub», iqama yako inaweza kupoteza nguvu na wewe ndiye ukahesabiwa mkosaji. Nenda moja kwa moja ubalozi wa Kenya Riyadh, au polisi (911 Riyadh), au ofisi ya ajenti. Usiende kwa Mkenya mwenzako mwenye kazi ya vibarua na chumba cha bei nafuu, hata akiwa anaimba kwaya.

Wiki hii piga picha pasipoti, viza, mkataba na anwani ya mwajiri, uzitume kwa watu wawili. Namba mbili za simu zishike kichwani pamoja na Zaburi. Kisha chagueni na mtu mmoja wa nyumbani maneno mawili ya kawaida kabisa, moja likiwa na maana ya «niombeeni, nimebanwa», la pili «nipigieni ubalozi leo». Yawe maneno yanayoweza kutumwa hata madamu akiwa amesimama nyuma yako, kama habari za mahindi au za mvua, na yasiandikwe mahali popote kwenye simu.